Embe bichi lilipokaa mahali pa nyanya

Saa nne asubuhi ya Krismasi, nyumbani kwa bibi, Tanga. Pilau ilikuwa imekwisha kufunikwa, makaa yamepangwa juu ya mfuniko, na harufu ya bizari nyembamba na iliki imeshafika barabarani. Ndipo shangazi alipofungua kikapu cha nyanya za kachumbari. Jana yake kilisafiri kwenye bajaji, kimelaliwa na mfuko wa mchele. Nyanya zote zilikuwa rojo.

"Sasa nani atakula pilau kavu?" shangazi akauliza.

Binti yangu wa miaka tisa alikuwa chini ya mwembe wa uani. "Mama, si kuna embe?"

Mimi nilitaka kumnyamazisha. Bibi akanizuia. "Mpeni kisu huyo mke mwenzangu, tuone."

Krismasi huku pwani huangukia kwenye msimu wa embe, na mwembe ule ulikuwa umeinama kwa madodo ambayo bado yalikuwa magumu. Embe la namna hiyo halimenywi kwa papara. Bibi alikata kikonyo, akaliinamisha embe juu ya karai na kumwonyesha kitukuu wake utomvu ukichuruzika, mweupe, kisha mwangavu. "Huu ukikugusa mdomo, utaungua wiki nzima. Uache utoke kwanza, ndipo uoshe." Wakaosha, wakamenya, wakakata vipande vyembamba kama njiti za kiberiti.

Matayarisho mengine yalikuwa yale yale ya siku zote. Vitunguu vitatu vikubwa vilikatwa vyembamba, vikafikichwa kwa kijiko kimoja cha chumvi. Chumvi huvuta maji ya kitunguu, na ukivikamua na kuvisuuza, ule ukali unaotoa machozi huondoka na maji hayo. Wakachanganya na madodo mawili, karoti moja ya kuleta rangi iliyopotea na nyanya, nusu ya pilipili mbuzi, giligilani na sukari kidogo sana. Ndimu haikuhitajika, maana embe bichi lina uchachu wake. Tena faida yake tuliiona baadaye: nyanya ni maji zaidi ya asilimia 90, ndiyo maana kachumbari yake huogelea baada ya saa moja. Ya embe ilibaki ikilia mdomoni mpaka jioni.

Binti yangu hakutosheka. Alikusanya vifuu vya nazi zilizokunwa kwa ajili ya kuku, akavisugua, akampakulia kila mtu kachumbari yake kwenye kifuu chake. Wazee wakacheka, wakala, wakaomba nyingine.

Nimelifikiria sana jambo lile. Pilau ina wenyewe. Mtoto haruhusiwi kugusa kipimo cha maji wala kuamua kitunguu kiungue kiasi gani, kwa sababu sufuria ya watu thelathini ikiharibika, sikukuu imeharibika. Kachumbari ni jirani mpole wa pilau. Ikikosea, bakuli moja tu limekosea. Ndiyo maana ni mahali pazuri pa kumpa mtoto kisu kwa mara ya kwanza, na mahali pa kujaribu.

Na tulichokiita mchezo kina historia ndefu kuliko nyanya yenyewe. Mwaka 1331, Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita pwani hii akafika Mombasa na Kilwa. Alipokuwa Mogadishu alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na pembeni yake vikorombwezo vikali: malimau ya kuchachusha, tangawizi mbichi, na embe. Aliandika kwamba embe bivu huliwa kama tunda, lakini likiwa bichi ni kali kama limau, nalo hutiwa kwenye siki. Nyanya haikuwapo mkekani pale, wala isingeweza kuwapo: asili yake ni Amerika, na Columbus alivuka bahari kwenda huko mwaka 1492, miaka 161 baadaye. Jina kachumbari nalo limetoka India. Wapwani wamekuwa wakipokea wageni katika bakuli hili karne nyingi, na Krismasi ile embe lilirudi tu kwenye nafasi yake ya zamani.

Hata wauza urojo wa Unguja wanalijua hilo. Embe bichi ndilo linaloupa urojo wao ule uchachu wa kukunja uso.

Mwaka uliofuata nyanya zilifika salama, nyekundu, zimekaa juu ya mchele. Shangazi alianza kuzikata. Nilipotoka uani nilimkuta binti yangu amechuchumaa mbele ya karai na binamu yake wa miaka sita, embe limeinamishwa mikononi mwake.

"Uache utoke kwanza," alikuwa akimwambia. "Ndipo uoshe."