Jina la Bakteria si Cheti cha Usalama

Kila Jumamosi nitokapo Buruburu kwenda Eastleigh kununua maziwa ya ngamia, mama muuzaji huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, leo mabichi au suusac?" Mabichi ni yale yaliyoletwa kwa basi kutoka Isiolo. Suusac ni yale yaliyoachwa yakachachuka yenyewe, makali na mepesi. Tangu mama yangu mzazi, mwenye kasoro ya vali ya moyo, aje kukaa nasi, swali hilo limekuwa zito.

Siku hizi maziwa ya kuchachuka husifiwa kwa "bakteria wema", kana kwamba wema ni ukoo. Sisi wanaisimu hatuna budi kushtuka. Jina Kiswahili limebeba Kimvita, Kiamu na Kiunguja, na anayeihukumu lahaja moja kwa tabia za nyingine amepotoka. Bakteria nao wana spishi, na ndani ya spishi mna nasaba nyingi.

Mwaka 2012, Christoph Jans wa chuo cha ETH Zurich na wenzake walieleza kwamba bakteria waliotawala katika suusac ya Kenya na Somalia ni Streptococcus infantarius. Jina hilo linaogofya, na si bure: jamaa zake wa kundi la Streptococcus bovis wamehusishwa na maambukizi ya vali za moyo na saratani ya utumbo mpana. Lau tungehukumu kwa jina pekee, akina mama wa Eastleigh wangefungiwa biashara kesho.

Watafiti hao hawakuishia kwenye jina. Waliisoma jenomu nzima ya nasaba moja, CJ18, iliyotokana na maziwa ya ngamia ya Kenya. Jenomu ni maandishi ya herufi nne tu, A, C, G na T, na ya nasaba hii ina herufi karibu milioni 2. Kuichunguza hakutofautiani sana na kazi ya mhakiki wa miswada ya kale: nakala hulinganishwa na nakala, ikaonekana kipi kimeongezwa na kipi kimefutwa. Hutafutwa jeni za sumu na jeni za kuhimili viuavijasumu. Tena huangaliwa kama jeni hizo zimekaa mahali panapohamishika, zisije zikarukia bakteria wengine tumboni. CJ18 ilikutwa na jeni za kutumia sukari ya maziwa zinazofanana mno na za Streptococcus thermophilus, bakteria wa mtindi. Naam, ilikuwa imekwisha kuzoea maziwa, kama mgeni aliyeokota lafudhi ya mji. Hata hivyo hawakuitangaza kuwa salama. Walitaka uchunguzi uendelee.

Wanafunzi wangu wasiuone huo kuwa woga. Jeni iliyoandikwa si lazima itamkwe, na nasaba moja iliyosomwa Ulaya si mtungi wa plastiki unaouzwa Eastleigh. Kila mtungi huchachuka kwa viini ulivyokutana navyo njiani, na usafi wa mtungi hausomeki katika jenomu yoyote.

Nchini Uganda, shirika la Yoba for Life limewagawia wachachushaji wadogo chachu ya nasaba inayojulikana, iliyotokana na LGG, ambayo jenomu yake ilichapishwa mwaka 2009. Mbona suusac isitendewe vivyo hivyo? Nairobi hii ina maabara za ILRI kule Kabete, zenye ujuzi wa kusoma jenomu. Iteuliwe nasaba moja ya maziwa yetu wenyewe, isomwe, ijaribiwe, kisha wauzaji wapewe chachu yake pamoja na mafunzo ya usafi. Kuwafukuza barabarani ni rahisi zaidi, nadhani ndiyo maana hufikiriwa kwanza.

Mimi bado nainywa suusac. Mama yangu, aliyeonja mara moja akaipenda, huniuliza mbona namletea mabichi tu, tena nayachemsha. Nimemwambia asubiri. Ana miaka 78, naye amenijibu kwamba kusubiri ni kazi ya vijana.