Adapta za shotigani: soko linanukia Mara, kibali hakionekani

Kuanzia Kigera mpaka vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi, wenye shotigani za leseni wana kilio kimoja: bunduki wanayo, risasi ndiyo mtihani. Mwenye geji 12 ana nafuu, kwani akifunga safari ya Mwanza au Arusha anarudi na boksi lake la risasi 25. Aliyerithi geji 16 ya babu anaweza kuzunguka maduka yote asipate hata ganda. Ndiyo maana siku hizi adapta inazungumzwa sana.

Ni kipande cha chuma chenye umbo la risasi, kilichotobolewa katikati. Kwa nje kinakaa sawasawa kwenye chemba ya geji 12. Kwa ndani kinapokea risasi ndogo, ya geji 20, 28 au .410. Hakihitaji fundi, na ukikitoa, bunduki inarudi kuwa ile ile. Marekani na Ulaya kimeuzwa kwa miaka mingi.

Mfanyabiashara mmoja wa silaha wa Kanda ya Ziwa, aliyeomba jina lake lihifadhiwe, analalamika kwamba wateja wanaiulizia na yeye hathubutu kuiagiza. Hakuna aliyemwambia kwa maandishi iwekwe fungu gani: silaha, sehemu ya silaha, au kifaa tu kama mkanda na ufito wa kusafishia mtutu. Anasema kila anapouliza anaambiwa asubiri. Akiingiza mzigo kwa kudhani ni kifaa, halafu ukakamatwa kama sehemu ya silaha, leseni yake ya biashara iko hatarini. Na hata mteja akipata adapta, kitabu chake cha umiliki kimeandikwa geji 12. Akikutwa kwenye kizuizi cha barabarani na risasi za geji 20 mfukoni, atamweleza nini askari?

Lalamiko hilo lina uzito. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imefunga biashara hii kwa vibali hatua kwa hatua, na si vibaya, lakini mtu anayetaka kuifuata anastahili jibu. Tusisahau, hata hivyo, kwamba mlalamikaji ana maslahi yake. Rafu zake zina maboksi ya geji 20 yasiyotoka, kwa kuwa wenye bunduki za geji hiyo ni wachache. Adapta ingemgeuza kila mwenye geji 12 kuwa mteja wa mzigo uliolala.

Na hapo ndipo hesabu inapogoma. Adapta hushusha tu, haipandishi. Anayekwama Mara ni mwenye bunduki ya geji ndogo kama 16, ambaye risasi ya geji 12 haiingii kwake kwa namna yoyote. Mwenye geji 16 angeweza kutumia adapta ya geji 20, lakini zinazoulizwa zaidi ni za geji 12, yaani za watu ambao risasi zao zinapatikana. Kwao faida ni ndogo ndogo: teke jepesi begani, jambo la maana kwa mzee anayelinda mihogo dhidi ya nyani, na marisau machache kwa kila mlio. Risasi fupi ya .410 hubeba takriban gramu 14, nusu ya ile nyepesi ya kawaida ya geji 12. Sidhani kama itakuwa ya bei nafuu zaidi. Kwenye masoko mengi .410 ni ghali kuliko geji 12.

Isitoshe, adapta fupi humwaga marisau kwenye mtutu mpana kuliko ulivyotakiwa. Gesi hupenya pembeni, kasi hupungua, marisau hutawanyika. Inafaa zaidi kwenye bunduki za kukunja mtutu. Pampu, ambazo walinzi wengi wa makampuni hubeba, haziwezi kuitupa na kupakia nyingine zenyewe.

Mfanyabiashara yule alinionyesha jambo moja ambalo kila mnunuzi angepaswa kulijua. Alitumbukiza ganda tupu la geji 20, la njano, kwenye chemba ya geji 12 bila adapta. Liliteleza, likapita, likakwama mbele ya chemba, kiasi kwamba ukitazama kwa haraka unaona bunduki haina kitu. Lingekuwa risasi kamili, na mtu akapakia ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu ungepasuka karibu na mkono unaoushika. Kuchanganya geji mbili kwenye mfuko mmoja ni hatari ya kweli.

Ofisa mmoja mkoani anasema hakuna pengo lolote: wamiliki walihakikiwa mwaka 2016, leseni ziko sawa, mwenye shida afike ofisini. Kauli hiyo ni vigumu kuimeza nzima nzima. Kama mambo yangekuwa yamenyooka hivyo, magobore yasingeendelea kusalimishwa kila msamaha unapotangazwa, ukiwamo wa mwaka 2022. Mkulima hashiki gobore kwa kupenda. Risasi halali iko mbali, Mwanza au Arusha, na kifuta jasho cha mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, kwa kanuni za mwaka 2011, hakikuzidi shilingi 100,000 kwa ekari.

Kwa hiyo mwelekeo wa soko hili bado ni wa kubahatisha. Jibu la maandishi likitoka, shehena ya kwanza huenda ikaisha haraka, hasa kwa wenye geji 12 wanaotaka kujaribu. Baada ya hapo itategemea kama risasi ndogo zitaagizwa mfululizo, na wauzaji niliowagusia hilo hawakuonyesha haraka. Mwenye geji 16, kabla hajatoa fedha, aulize kwanza kama adapta ya bunduki yake ipo, na kama kibali chake kitakubali kuandikwa geji ya pili.