Mguu wa matende: kwa nini vipimo viandikwe kwa mtindo mmoja

Mgonjwa wa matende akienda kliniki, swali lake kubwa ni hili: mguu unapungua au unaongezeka? Ajabu ni kwamba kadi yake inaweza kujaa tarakimu na bado isimjibu.

Matende huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Minyoo hiyo huharibu mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwili kwenye damu. Maji yakikosa njia hutuama mguuni. Dawa zinazogawiwa vijijini huzuia maambukizi yasisambae, lakini mguu ulioharibika haziurudishi ulivyokuwa. Hapo ndipo mtaalamu wa fiziotherapia anapoingia na usafi wa ngozi, mazoezi, kuinua mguu na, kwa baadhi ya wagonjwa, bandeji ya kubana.

Sasa tuseme Januari umepimwa kwa futi kwenye kifundo, ikaandikwa sentimita 34. Machi kituo kingine wanapima juu ya kifundo, wanaandika 38. Umevimba zaidi? Hakuna anayejua. Na kama ile ya kwanza ilikuwa asubuhi na ya pili jioni, baada ya kushinda shambani umesimama, ndiyo kabisa.

Hatua za ugonjwa zinachanganya zaidi. Mfumo mmoja wa kimataifa huhesabu kuanzia 0 hadi 3, na 3 ndiyo mbaya kuliko zote. Mfumo mwingine, unaotumika sana kwa matende, una hatua 7, na humo 3 ni mguu wenye mikunjo ya juujuu tu. Ukiandikiwa "hatua ya 3" bila kutajwa mfumo, atakayekupokea atabaki kubahatisha.

Kadi nzuri husema ni mguu upi, umepimwa umbali gani kutoka kisigino, saa ngapi, mguu wa pili una kipimo gani, ngozi ikoje, bandeji ni ya aina gani, na mashambulio ya homa na maumivu yamekurudia mara ngapi. Hili la mwisho mimi ningeliweka la kwanza. Kila shambulio huzidi kuharibu mishipa. Mguu unaweza kubaki na unene uleule huku mashambulio yakipungua, na hayo ni mafanikio ambayo futi haiyaoni.

Siku ya kliniki, beba kadi ya zamani na umuulize anayekupima ameanzia wapi, kisha aandike. Ukitoka, ipige picha kwa simu, maana kadi za karatasi na mvua za masika hazipatani.