Bahasha ya Kaki Chini ya Godoro

Mjomba wangu ni seremala. Tangu nikiwa mdogo namjua kwa penseli bapa iliyochomekwa sikioni na vumbi la mninga kwenye nyusi. Mwishoni mwa mwaka 2022, nyumbani kwake Tanga, alianza kukohoa, na kikohozi kikagoma kuondoka. Mkanda wa suruali akautoboa tundu jipya kwa msumari, kisha la pili. Siku aliyonipigia simu kunieleza kwamba ameona uzi wa damu kwenye leso, nilimwambia lile ambalo kila mtu kwetu angemwambia: nenda kapime kifua kikuu, yaani TB.

Akapimwa. Makohozi hayakuonyesha kimelea, lakini picha ya kifua ilikuwa na kivuli upande wa kulia, karibu na bega. Kituoni wakaamua kumwanzishia dawa za TB. Miezi sita: miwili ya dawa za aina nne, minne ya aina mbili, mkojo ukigeuka rangi ya machungwa. Alizimeza zote, hakuruka hata siku moja. Mimi ni muuguzi. Miaka yangu mingi nimeitumikia wodi ya wazazi, na katika miezi ile sita sikuuliza swali hata moja. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Nayasema haya kwa sababu najua hayakumpata mjomba peke yake. Saratani ya mapafu na kifua kikuu hukohoa kwa sauti moja, humkondesha mtu namna moja, hutoa damu ile ile, na kwenye picha huweza kuvaa kivuli kimoja. Katika nchi yenye TB nyingi kama yetu, tabibu akiona kivuli, akili humpeleka kwenye ugonjwa anaokutana nao kila siku. Kuanza dawa bila kimelea kuonekana si kosa lenyewe, maana wapo wagonjwa wa kweli wa TB ambao makohozi yao hayasemi kitu. Kosa ni kutorudi nyuma. Mtu akimeza dawa miezi miwili, kikohozi kile kile, uzito haupandi hata kilo moja, picha irudiwe na swali lifunguliwe upya. Mjomba hakurudiwa picha hadi dawa zilipokwisha. Kivuli hakikuwa kimepungua. Kilikuwa kimekua.

Akapewa rufaa kuja Dar es Salaam. Alipofika kwangu na begi lake, mkewe alikuwa amekibana kwapani kitu ambacho sikukitarajia: bahasha kubwa ya kaki, imekunjika pembe, imekaa chini ya godoro miaka kumi. Ndani yake mlikuwa na picha ya kifua ya mwaka 2013, aliyopigwa kabla ya upasuaji wa ngiri. "Nilisema nije nayo tu," akaniambia. "Zilikuwa fedha zetu hizo, sikuweza kuitupa."

Daktari bingwa wa kifua alizichomeka picha mbili, ya 2013 na mpya, kwenye kibao cha mwanga, moja kando ya nyingine. Akanyamaza kitambo. Kisha akatuita tusogee. Upande wa kushoto juu kulikuwa na kidoa cheupe, cheupe kama chokaa. Kilikuwapo 2013, na sasa kipo vile vile, hakijaongezeka hata unywele. Upande wa kulia, pale penye kivuli kipya, picha ya 2013 ilikuwa nyeusi tupu. Hewa safi. "Mzee," akasema, "hiki cha kushoto ni kovu. Huenda uliwahi kupata TB zamani mwili ukaishinda wenyewe bila wewe kujua, ukaiziba kwa chokaa. Hicho tukiache. Hiki cha kulia ndicho chenye maneno."

Nimeona mashine nyingi kazini, lakini sijaona kipimo kilichosema mengi kama ile picha ya zamani. Kivuli kidogo cha mviringo ndani ya pafu, kisichozidi milimita 30, tukiite kinundu. Kikizidi hapo huhesabiwa kuwa uvimbe, na shaka huwa kubwa zaidi. Vinundu ni vingi ajabu, na karibu vyote haviumi, kwa kuwa nyama ya pafu yenyewe haina mishipa ya fahamu ya maumivu. Vingine ni makovu ya TB, vingine ya fangasi, vingine ni tezi ndogo au uvimbe usio na madhara. Marekani walichunguza wavutaji na waliowahi kuvuta sigara 53,454, wengine kwa CT, mashine inayoupiga mwili picha vipande vipande, yenye mionzi michache, wengine kwa picha ya kawaida ya kifua, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Vifo vya saratani ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20 kwa waliopigwa CT, ikilinganishwa na waliopigwa picha ya kawaida. Lakini katika kila watu 100 wa CT walioambiwa wana kitu cha kutiliwa shaka, zaidi ya 95 hawakuwa na saratani. Kwa hiyo mtu akiambiwa ana kinundu, asianze kugawa mali.

Kinachokitenga kinundu kibaya na kizuri ni ukubwa, umbo na mwendo. Chini ya milimita 6, tuseme punje ya choroko, kwa mtu asiye na hatari kubwa kwa kawaida hakifuatiliwi. Kikifika punje ya kunde, yaani milimita 8, madaktari huanza kukihesabia miezi. Na hapa macho yanadanganya: kinundu kilichotoka milimita 8 kikafika 10 kinaonekana kimeongezeka kidogo tu, kumbe ujazo wake umekaribia kuwa mara mbili. Saratani nyingi za mapafu huongezeka mara mbili ndani ya wiki kadhaa hadi mwaka na ushee. Kinundu kigumu ambacho hakijabadilika kwa miaka miwili, mara nyingi ni kovu. Ndiyo maana naipigia magoti ile bahasha. Asiye na picha ya zamani hulazimika kuusubiri muda upite ndipo apate ya kulinganisha. Siku hizi hospitali nyingi hazitoi filamu, hutoa diski au hazitoi chochote. Omba diski, omba na majibu yaliyoandikwa. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye kioo cha kompyuta haimfai daktari.

CT ya mjomba ilikipima kile kivuli cha kulia: milimita 22. Na kingo zake hazikuwa laini. Daktari alitafuta mfano, nami nikamsaidia: kama shokishoki. Watu wa Tanga na Unguja wanalijua tunda lile lenye vinywele pande zote. Kinundu laini cha mviringo kina nafuu, ila chenye miiba inayochomoza kwenye nyama ya jirani hutia hofu.

Hata hivyo picha haihukumu. Inayohukumu ni nyama. Kamera nyembamba inayopitishwa puani au kooni hadi kwenye njia za hewa isingekifikia, kwani kilikuwa pembeni, karibu na mbavu. Wakamlaza kifudifudi ndani ya CT yenyewe, wakamchoma ganzi mgongoni, wakapitisha sindano ndefu huku wakiiangalia kwenye picha, hatua kwa hatua, wakachukua vinyama vitatu vyembamba kama nyuzi. Waliniambia hatari yake mapema: pafu likitobolewa hewa huweza kuvuja ikalibana, na pengine mtu awekewe mrija. Yake ilivuja kidogo, ikakoma yenyewe.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi na mbili: adenokasinoma, saratani inayoanzia kwenye chembe za tezi za pafu. Nilikuwa nimeshuka mjini siku ile, nikatembea kwa miguu hadi pwani, mbele ya hospitali ya Ocean Road. Hospitali ile ilijengwa zama za Wajerumani, na Robert Koch, aliyekitangaza kimelea cha TB mwaka 1882, aliwahi kufanya kazi Dar es Salaam. Leo ndiyo taasisi kubwa ya saratani nchini. Nilisimama pale nikiyatazama magonjwa mawili ya mjomba yamekutana mahali pamoja, na sikuweza kuondoka kwa haraka.

Tiba ingekuwa upasuaji, na kabla ya kisu kuna maswali mawili. La kwanza: imesambaa? Walikagua tumbo, ini, tezi zilizo juu ya figo, na ubongo, na tezi za katikati ya kifua zilizopo kati ya mapafu mawili. Ipo mashine ya PET inayofuatilia sukari yenye mionzi kidogo, kwa sababu saratani hula sukari kwa pupa, lakini TB nayo huila, hivyo kwetu mwanga wake lazima usomwe kwa tahadhari. La pili: mwili utahimili? Mjomba alipuliza kwenye kipimo cha pumzi hadi macho yakamtoka. Kisha daktari akafanya jambo lililonifurahisha. Akatoka naye nje, akamwambia, "Twende ngazi." Wakapanda ghorofa tatu bila kusimama, yeye akiongoza na daktari nyuma akimsikiliza anavyohema.

Hesabu tuliyopewa ni hii. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili, maana moyo umejichukulia nafasi upande ule. Sehemu hizo zimegawanyika tena, kila kijisehemu na njia yake ya hewa na mshipa wake wa damu, jumla 19. Sehemu ya juu kulia, ambayo ingetolewa, ina vijisehemu 3. Angepoteza 3 katika 19. Niliuliza kama wasingetoa kijisehemu kimoja tu. Utafiti wa Wajapani uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa saratani ndogo za pembeni, zisizozidi sentimita 2, waliotolewa kijisehemu tu hawakuishi muda mfupi kuliko waliotolewa sehemu nzima. Cha mjomba kilikuwa kimeuvuka mpaka ule kwa milimita mbili. Miezi sita ya dawa za TB. Sitaki kusema zaidi.

Ukoo ulichangishana, kiwanja cha Pongwe kikauzwa, na mwezi Oktoba 2023 akaingia chumba cha upasuaji. Usiku wa kuamkia siku ile nilimsimulia habari za James Gilmore, daktari wa Marekani aliyekuwa na umri wa miaka 48 alipolazwa St. Louis akiwa na saratani ya pafu. Kabla ya upasuaji alirudi kwao akajinunulia eneo la kaburi. Tarehe 5 Aprili 1933 daktari Evarts Graham alifungua kifua akidhani atatoa sehemu moja, akakuta haitoshi, akatoa pafu zima la kushoto kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo kabla yake hakuna mgonjwa wa saratani aliyelipitia akapona. Gilmore aliishi miaka 30 zaidi. Graham, mvutaji mkubwa wa sigara, alikuja kuchapisha na Ernst Wynder mwaka 1950 utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu, akaacha kuvuta, na mwaka 1957 akafa kwa saratani hiyo hiyo. Mjomba alivuta tangu ana miaka kumi na minane hadi 2014. Alinisikiliza, akauliza: "Huyo wa kaburi, alirudi kazini?" Nikamwambia ndiyo. Akajifunika shuka.

Nusu kaputi ya upasuaji huu si ya kawaida. Mpira wa kooni una njia mbili, ili pafu la kushoto liendelee kupumua na la kulia lifungiwe hewa, linywee, mpasuaji apate nafasi. Kuna hospitali zinazotumia kamera na matundu madogo. Mjomba alifunguliwa, mkato kutoka chini ya kwapa kuelekea mgongoni, mbavu zikatanuliwa. Mishipa ya damu ya sehemu ile ikafungwa mmoja mmoja, kisha njia ya hewa ikakatwa na kushonwa, tezi za jirani zikatolewa zikapimwe. Mwishoni, daktari alinieleza, walimimina maji ya chumvi kifuani, wakalijaza pafu hewa, wakatazama kama mshono unatoa mapovu. Nikamwambia huo ni ufundi wa baiskeli, mpira ndani ya karai. Akasema ni huo huo.

Siku sita zilizofuata niliishi na chupa. Mrija unatoka kati ya mbavu, unashuka hadi kwenye chupa sakafuni, na ncha yake imezama sentimita mbili ndani ya maji, ili hewa iweze kutoka kifuani isiweze kurudi. Akivuta pumzi maji yanapanda mrijani, akitoa yanashuka. Chupa haiinuliwi juu ya kifua, hata kwa kumpisha mfagiaji. Siku ya kwanza mapovu yalitoka kila pumzi. Siku ya tatu yalitoka akikohoa tu, naye alikohoa huku amekumbatia mto, jasho likimtiririka, kwa sababu asiyekohoa makohozi hujaa na pafu lililobaki halitanuki. Siku ya tano nilimwambia, "Mjomba, kohoa tena." Maji yakapanda, yakashuka, kimya. "Tena." Kimya. Nilikaa chini sakafuni, kando ya chupa, nikalia.

Maabara ilisema kingo za kilichotolewa ni safi na tezi zote 11 ni safi. Hakuhitaji dawa za saratani wala mionzi, ila CT kila miezi sita kwa miaka miwili, baadaye kila mwaka. Chini ya titi la kulia ngozi imekufa ganzi, na siku za baridi mshono unamchoma. Randa sasa wanapiga vijana wake. Yeye anapima, anachora, anakagua.

Mara ya mwisho nilipokwenda Tanga alinionyesha sanduku alilolitengeneza kwa mninga, bapa, upana wa filamu, kifuniko kinateleza kwenye mfereji bila msumari. Ndani amepanga picha zote, diski kwenye vifuko, na ile ya 2013 juu kabisa, ndani ya bahasha yake ile ile ya kaki. Kila moja ameiandika tarehe kwa penseli yake bapa. Mke wake ameagiza la pili, kwa ajili ya za kwake.