Glovu ya Mlenga Shabaha: Unene Si Kipimo

Anayetafuta glovu za kushikia bunduki wakati wa baridi huanza kwa kuuliza iliyo nene kuliko zote. Swali hilo linamfaa mtu anayekwenda kuondoa theluji kwa koleo. Mlenga shabaha ana mahitaji mengine, kwa sababu mkono wake una kazi mbili zinazopingana: kusubiri kwa muda mrefu bila kuganda, kisha kufanya jambo dogo la sekunde chache linalodai kidole chenye hisia kamili. Hakuna glovu moja, iwe ya bei gani, inayozimudu kazi zote mbili sawasawa. Kwa hiyo mwenye kipato cha kawaida hana sababu ya kujiona amepungukiwa akishindwa kununua ile ya bei kubwa. Glovu mbili za bei ndogo, moja nyembamba ya kufyatulia na nyingine pana ya kuvaa juu yake, zitamhudumia vizuri zaidi katika baridi ya wastani, yaani kuanzia nyuzi 10 za Selsiasi hadi chini kidogo ya sifuri. Hiyo ndiyo hali inayowakuta wawindaji wengi wa kulungu katika majimbo ya kaskazini ya Marekani. Huko Wisconsin, kwa mfano, msimu mkuu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ni wa siku tisa, nao huangukia mwishoni mwa Novemba.

Tuanze na mwili wenyewe. Mtu anapopoa, mishipa midogo ya damu mikononi na miguuni hujibana ili joto libaki kwenye moyo, mapafu na ubongo. Vidole ndivyo vya kwanza kuhisi ukata huo, kwa kuwa ni vyembamba na vina eneo kubwa la ngozi likilinganishwa na nyama yake. Ngozi ya vidole ikifika takriban nyuzi 15, wepesi wake huanza kupungua. Ikishuka chini ya nyuzi 8 hivi, hisia ya mguso hufifia sana. Tena, misuli mikuu inayokunja vidole haimo vidoleni, imo kwenye kigasha. Mwenye glovu bora lakini aliyeacha kigasha, shingo na kichwa vikipigwa na upepo bado atakufa ganzi. Ndiyo maana sehemu ya fedha iliyotengwa kwa ajili ya glovu ingefaa inunue kofia ya sufi na fulana ya ndani yenye mikono mirefu. Kiwiliwili kikiwa na joto, damu huruhusiwa kufika kwenye ncha za vidole.

Unene nao una mipaka yake. Kidole ni kama bomba jembamba: kila tabaka la kitambaa unaloongeza huzuia joto, lakini pia hupanua eneo la nje ambalo joto hutorokea. Faida ya kila tabaka jipya huwa ndogo kuliko ya lile lililotangulia, huku hisia ikizidi kupotea. Glovu ya mfuko, ile ambayo vidole vinne hukaa pamoja na gumba peke yake, hupunguza tatizo hilo kwa sababu vidole hugawana hewa moja yenye joto. Kasoro yake ni kwamba haiingii vizuri ndani ya pete inayozunguka kifyatulio. Majeshi yalilitambua jambo hili zamani. Jeshi la Marekani lilitoa glovu za mfuko zenye kidole cha shahada kilichotengwa. Bunduki ya M1 Garand ilitengenezewa kifyatulio cha ziada cha majira ya baridi, na M16 ikawekewa pete ya kifyatulio inayoweza kufunguliwa chini ili kupisha mkono uliovishwa. Taasisi yenye uwezo mkubwa wa kununua glovu iliona afadhali kuibadilisha bunduki, kwa kuwa kitambaa kinene na kifyatulio cha kawaida havipatani.

Ushahidi mwingine uko kwenye baiathlon, mchezo wa Olimpiki ya majira ya baridi tangu 1960, ambao wachezaji huteleza kwenye theluji kisha wakasimama kulenga shabaha zilizo umbali wa mita 50. Wanapolenga wakiwa wamelala, duara la shabaha lina kipenyo cha milimita 45 tu, na sheria inaruhusu kifyatulio kinachoachia kwa mkazo wa gramu 500. Glovu zao kwa kawaida ni nyembamba. Mtu anaweza kupinga mfano huu, na kwa haki: mchezaji huyo amepashwa joto na mbio, ilhali mwindaji hukaa kimya juu ya mti kwa saa nyingi. Pingamizi hilo linagusa kazi ya kusubiri, si ile ya kufyatua. Wakati wa kufyatua, kidole cha mwindaji kinahitaji hisia ileile, pengine zaidi, maana mbele yake yuko mnyama hai na nyuma ya mnyama huenda yuko mtu. Kusubiri ndiko kunakohitaji tabaka la pili, linalovuliwa kwa sekunde moja.

Tabaka la ndani lichaguliwe kwa mambo matatu: kitambaa, kipimo na mshiko. Pamba ni rahisi kupatikana lakini hunywa maji, na maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa tulivu. Jasho au umande kidogo unatosha kuigeuza iwe adui. Sufi huhifadhi joto kiasi hata ikilowa, na glovu za ndani za sufi zinazouzwa kwenye maduka ya mabaki ya jeshi hugharimu dola chache. Ikiwa upepo ni mkali, glovu ya kazi ya ngozi ya mbuzi isiyo na bitana, inayopatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ni nyepesi, imara na haitelezi kwenye chuma. Kuhusu kipimo, zungusha utepe kwenye kiganja bila kuhusisha gumba. Mzunguko wa takriban milimita 203 ni namba 8. Glovu inayobana huzuia damu na hivyo huleta baridi, na inayopwaya huacha kitambaa cha ziada kwenye ncha ya kidole. Kabla ya kulipa, jaribu kuokota sarafu juu ya meza. Ukishindwa, hutaweza pia kuingiza risasi wala kusogeza kizuizi cha usalama. Glovu ya nje haihitaji ustadi wowote: mfuko mpana wa flisi au sufi unatosha, mradi uvuke kifundo cha mkono na uvulike bila kutumia meno.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na wapo watakaolitumia neno hilo kutetea glovu ya bei kubwa. Wana hoja pale baridi inaposhuka chini ya nyuzi 10 hasi, au mvua inaponyesha siku nzima, ambapo utando usiopitisha maji una thamani yake. Wenye ugonjwa wa Raynaud, ambao vidole vyao hugeuka vyeupe kwa baridi kidogo, nao wanahitaji ushauri wa daktari kuliko wa muuza duka. Wengine husema inatosha kukata ncha ya kidole cha glovu nene. Njia hiyo hurudisha hisia, lakini ngozi tupu hukutana na chuma baridi, na ncha iliyokatwa hufumuka kadiri siku zinavyokwenda. Pakiti ndogo za unga wa chuma zinazotoa joto zikikutana na hewa ni msaada mzuri ndani ya mfuko wa nje. Ndani ya glovu ya kufyatulia, hukaa njiani tu.

Zaidi ya starehe na bei, kuna usalama. Kitambaa kinene kinaweza kusukuma kifyatulio kabla mwenye bunduki hajaamua, na kidole kilichokufa ganzi hakijui kimegusa wapi. Kwa hiyo glovu mpya ijaribiwe kwanza kwenye uwanja wa kulenga shabaha, bunduki ikiwa tupu, imehakikishwa, na mtutu umeelekezwa mahali salama. Anayeweza kutambua kwa kidole peke yake mahali kifyatulio kinapoanza kukaza amepata glovu inayomfaa, hata kama ndiyo ya bei ya chini kuliko zote dukani. Asiyeweza aiache ile glovu, hata kama ameshailipia.