Stadi, Bolti na Parafujo

Katika karakana za Kidodi, kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara, neno "stadi" hubeba maana mbili. Fundi stadi ni mjuzi wa kazi. Stadi ya injini ni kipande cha chuma kisicho na kichwa, chenye hesi ncha zote mbili. Ncha moja huzama katika injini, ya pili hupokea nati.

Je, pana haja ya kulitenga neno hili na "bolti"? Kazi yenyewe hujibu. Tuchukue magari ya Peugeot 504, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1968, mengine yakiwa na pampu ya kupuliza petroli, mengine kabureta. Mwenye gari la pampu akitaka kabureta, hana budi kubadili sehemu zipitishazo hewa, na huenda stadi za zamani zisilingane na sehemu mpya. Hapo shida huanza. Kichwa cha injini ni cha alumini, stadi ni ya chuma. Kwa unyevu wa miaka mingi alumini huliwa, na unga wake mweupe hujaa katika hesi.

Mwanagenzi aambiwapo "fungua bolti" hutafuta kichwa cha kushika kwa spana. Asipokiona hutumia koleo na nguvu, stadi ikakatika. Aambiwapo "ng'oa", huvuta, na hesi za alumini zikaharibika. Maelezo yafaayo ni haya: "Lowesha stadi kwa mafuta ya kulegeza kutu, uiache usiku kucha. Funga nati mbili juu yake, uzibane pamoja, kisha zungusha ile ya chini kuelekea kushoto." Ikigoma, petroli yote iondolewe kwanza, ndipo alumini ipashwe moto, maana hutanuka takriban mara 2 kuliko chuma.

Kwa hiyo twapendekeza "stadi" ikubaliwe: stadi hii, stadi hizi. "Bolti" ibaki kwa yenye kichwa cha spana. "Parafujo", neno la asili ya Kireno, kwa izungushwayo na bisibisi. "Komeo" libaki mlangoni. Tuseme "kufungua stadi", na "kung'oa" tuwaachie wenye misumari.

Wako watakaohofia mgongano na sifa "stadi". Lakini asemapo mtu, "Fundi stadi amefungua stadi," nani asiyeelewa? Neno limekwisha kuishi karakanani. Kazi yetu ni kuliandika kamusini kabla injini nyingine haijaharibika.