Mzee kapooza na hasemi: umpeleke kwa nani?

Leo tuzungumzie jambo linalozisumbua familia nyingi. Mzee amepata kiharusi, amelazwa, kisha ameruhusiwa. Anarudi nyumbani mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na maneno hayatoki. Wapo wanaosema akili imeruka, wapo wanaosema ni jini. Miezi inapita hivyo hivyo.

Ukweli ni kwamba kwa watu wengi lugha husimamiwa na upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo ndio unaoendesha viungo vya kulia. Ndiyo maana matatizo haya mawili huandamana. Mara nyingi mgonjwa huelewa mengi kuliko anayoweza kuyasema. Hivyo, msimzungumzie kana kwamba hayupo.

Mgonjwa wa namna hii hahitaji mtaalamu mmoja tu. Wa fiziotherapia humsaidia kurudisha nguvu na mwendo. Wa tiba kwa vitendo humfundisha upya kuvaa, kula na kutawadha. Wa matamshi hushughulikia usemi, na pia hupima umezaji, kwani chakula kikipita njia ya hewa huweza kuleta homa ya mapafu. Mwanasaikolojia humsaidia na huzuni, ambayo huwapata wengi baada ya kiharusi.

Utawapataje? Kabla mgonjwa hajaruhusiwa, mwombeni daktari barua ya rufaa. Fiziotherapia hupatikana katika hospitali kubwa, kama Muhimbili, Dar es Salaam, na KCMC, Moshi. Wataalamu wa matamshi ni wachache mno nchini, kwa hiyo ulizeni mapema. Kama yuko mbali, mwombeni awafundishe jamaa mazoezi ya kufanya nyumbani kila siku.

Jihadharini pia na matapeli. Muulizeni anayejiita mtaalamu: Umesoma chuo gani? Usajili wako uko wapi? Mgonjwa wetu utampimaje, na unatarajia afikie wapi? Mtaalamu wa kweli hupima kwanza, hueleza, na hukubali kuulizwa. Anayeahidi kuponya kwa siku saba, mkimbieni.

Dua tusiiache, lakini isiwe sababu ya kuchelewa. Nafuu kubwa hupatikana zaidi katika wiki na miezi ya mwanzo, na kila siku inayopotea ina thamani yake.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.